Niambie Kilichokuwa Pembeni

Nyumba ya Mzee,
Ujiji, Kigoma.
Jumanne, 10 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Telesphory,

Mwakeye. Najua huko Kalemie, ng'ambo ya ziwa, hakuna wa kukuamkia hivyo kwa Kiha, ndiyo maana nimeanza nayo. Hujambo wewe? Shemeji Yuliana hajambo? Ule mgongo wake uliokuwa ukimsumbua kila msimu wa mvua umetulia, au bado anatembea ameushika? Watoto wanaendeleaje na shule? Na lori lako je, bado linakohoa asubuhi kama mzee wa tumbaku? Sisi huku tunashukuru Mungu, tunakula na tunalala. Nyumba ya Mzee imesimama, ila bati la upande wa jikoni limeanza tena kupiga kelele kila upepo wa ziwa unapovuma.

Usishangae kuona karatasi. Simu ninayo na salio lipo. Nimekupigia mara tatu ndani ya wiki hii, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama mvua imenyesha. Bila shaka ulidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Kila nilipotaka kusema nililopigia, nilikuaga nikakata simu. Nimeona bora niandike, maana karatasi hainikatizi.

Halafu nataka uone mwandiko wangu mwenyewe. Wewe ulizoea kunicheka kwamba naandika herufi ndogo kama mishono ya kola. Tazama sasa zilivyo kubwa, na mistari inavyopandana. Naandika nikiwa nimekaa mlangoni, juani, kwa kalamu ya wino mzito ambayo binti yangu Diana huitumia kuwachorea wanafunzi wake wa chekechea.

Nitasema mara moja ili usisome ukiwa na wasiwasi. Macho yangu yanakwisha, Tele. La kulia limeshakwenda. La kushoto limeniachia kitundu. Na katika habari hii kuna linalokuhusu wewe, na hilo ndilo linalonitesa kuliko macho yenyewe. Nitalifikia, nivumilie. Acha nianze na mpira, kwa sababu mpira ndio ulionianika.

Ile mechi mliyotufunga mbili kwa moja, Jumamosi ya mwisho wa Februari, uliitazama? Nauliza nini! Najua ulizunguka mtaa mzima na bendera. Waliiita ya kirafiki, lakini Stars na Congo wakikutana kuna urafiki gani, hasa kwenye familia kama yetu ambayo nusu yake ilivuka ziwa na nusu ilizaliwa hapa? Tulikusanyika kwa dada yako Skolastika kule Buzebazeba, saa kumi jioni. Dada yako alikuwa amejifunga kitenge cha rangi za Congo mpaka kichwani. Mumewe, shemeji Nehemia, Stars damu, alimwambia kwamba siku hiyo atalala jikoni. Mke wangu Marcelina alikuwepo, na Diana.

Sheria ya Mama bado tunaishika. Unaikumbuka siku alipoileta? Mzee na Congo yake, mjomba na Stars yake, waligombana mpaka sahani ya samaki, migebuka, ikarushwa nje kupitia dirishani. Mama akasimama katikati yao na jagi la maji mkononi. Akasema kuanzia siku hiyo, wakicheza watu hawa, hanawi mtu mikono mpaka asifu kitu kimoja alichokiona kwa timu ya mwenzake. Na asirudie kilichokwisha kusifiwa. Asiyesifu hanawi, na asiyenawa hali. Nakumbuka mjomba alivyokaa na njaa yake hadi ugali ukapoa, ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, kwamba kipa wa Congo ana mikono mizuri.

Waliofungwa ndio wapishi. Kwa hiyo siku hiyo ilikuwa zamu yetu. Marcelina alishakwenda Kibirizi asubuhi kununua migebuka, maana yeye hana imani na Stars hata kidogo, na akaiunga kwa mawese mpaka jirani wakawa wanapita pita getini.

Sasa sikiliza nilivyotazama mechi. Nilikaa mbali kabisa, kizingitini, nikisingizia joto. Ukweli ni kwamba nikikaa karibu na televisheni naona goti la mtu mmoja tu. Nikikaa mbali, kioo chote kinaingia kwenye kile kitundu changu, lakini wachezaji wanakuwa siafu na mpira siuoni kabisa. Kwa hiyo nilikuwa na redio yangu ndogo mfukoni na waya sikioni chini ya kofia. Mtangazaji ndiye aliyekuwa jicho langu. Watu wakiruka, naruka. Wakishika vichwa, nashika. Nimefanya hivyo mechi ya ngapi sijui, na nilijiona fundi kweli.

Tulipofunga sisi nilishangilia kwa sekunde moja kabla ya wote, kwa sababu redio ilitangulia. Nehemia akaniambia nina jicho la mwewe. Nilifurahi, Tele, mpaka naona aibu kukuandikia.

Halafu mkasawazisha. Ilipigwa kona. Mtangazaji akapaza sauti: kichwa! namba tisa! kichwa cha nguvu! Nikang'oa waya sikioni kwa hasira nikautupa mfukoni. Chumba kizima kilikuwa makelele, dada yako akipiga vigelegele, Nehemia akimtukana beki wetu. Mimi nikajua anamtukana kwa kumwachia mtu aruke peke yake. Niliporudisha waya, mpira ulikuwa umeshaanzishwa upya. Bao lenu la pili lilikuwa penalti, na hilo hata kipofu angelijua kwa jinsi chumba kilivyonyamaza kwanza.

Baada ya mechi Skolastika akachukua beseni na jagi, kama Mama. Nehemia akaanza. Alisema yeye amempenda yule kiungo wenu mfupi aliyevuliwa kiatu, akaendelea kukimbia na soksi mpaka akautoa mpira. Akanawa. Skolastika akasema amempenda kijana wetu aliyeingia dakika za mwisho, aliyepiga shuti likagonga mtambaa wa panya, kisha badala ya kulia akaubusu mlingoti. Akajimwagia maji mwenyewe. Diana alimsifu kocha wenu, kwamba mpira ulipomfikia aliuokota, akaufuta kwa shati lake, akampa mchezaji wetu mkononi bila kupoteza muda ingawa kuupoteza kungemfaa. Wote tukasema kweli, hilo zuri. Mimi sikuliona. Marcelina akasifu nyimbo za mashabiki wenu, tukambishia kwamba huko ni kusikia, siyo kuona, lakini tukamwachia kwa kuwa ndiye aliyepika.

Ikafika zamu yangu. Nikakohoa. Nikasema, "Mimi, kwa kweli, kile kichwa cha namba tisa. Alivyopaa! Kama mtu aliyeitwa juu. Hata kama ni adui, pale nilimvulia kofia."

Kisha Nehemia akaangua kicheko. "Shemeji, kichwa gani? Mbona beki wetu ndiye kajifunga kwa kisogo! Wameonyesha marudio mara nne! Hicho kichwa umekitazamia wapi, Kalemie?"

Wakacheka wote. Nami nikacheka, nikasema nilikuwa nawajaribu. Ningeponea hapo. Lakini Skolastika, kwa utani, akaja na beseni akasema, "Huyu leo hanawi, amemsifu wa kwake." Akalisogeza beseni mbele yangu halafu akalivuta, akalisogeza tena, kama tulivyokuwa tukimtania mjomba. Alikuwa amesimama kuliani kwangu. Mimi sikujua. Nilimsikia tu kati ya vicheko, nikanyoosha mikono yangu miwili kushoto, nikaishikilia hewani nikingoja maji.

Kicheko kikakatika kimoja kimoja. Diana ndiye aliyeutoa waya mfukoni mwangu. Aliutazama, akautazama mkono wangu, akasema, "Baba?"

Skolastika akauliza taratibu, "Kaka, mimi niko wapi?"

Migebuka ile haikuliwa na mtu.

Mpaka siku hiyo Marcelina alidhani nahitaji miwani tu. Watu wa mtaani walidhani naringa, kwa sababu anayeniamkia kuliani simwitikii. Na wateja wangu! Nilishona sare za kwaya, mashati thelathini na mawili, na mifuko yote ya upande mmoja ikapanda juu kuliko mingine. Kwaya nzima ilisimama madhabahuni kama watu walioinamishwa na upepo. Nikawaambia ndiyo mtindo. Sindano imenipita kidole cha shahada mara mbili. Uzi ananitungia Diana kabla hajaenda kazini, sindano sita kila asubuhi, nilimwambia mikono yangu inatetemeka. Nimewadanganya wote, kila mmoja na uongo wake, kwa vipimo kama nguo.

Sasa nafika kwenye lako.

Miaka miwili iliyopita nilikwenda hospitali kwa siri. Mtaalamu wa macho alinipima, akaniambia ni presha ya macho. Ugonjwa huu hauumi, alisema. Unakula kutoka pembeni ukija katikati, na mtu hajui mpaka umeshafika mlangoni. Akanipa matone ya kuweka kila siku maisha yangu yote. Niliweka miezi mitatu. Yanawasha, na kila asubuhi nilijaribu jicho nikaona hakuna kilichoongezeka. Nikasema dawa gani hii isiyorudisha kitu. Nikaacha. Alikuwa ameniambia waziwazi kwamba hairudishi, inalinda kilichobaki. Mimi fundi niliyezoea kuchana na kushona upya sikutaka kuelewa kwamba kuna kitu kikishachanika ndiyo basi.

Hilo ni kosa juu ya mwili wangu, ningelibeba mwenyewe. La pili siwezi kulibeba. Aliniuliza kama kuna mtu katika familia aliyepofuka. Nikamwambia baba, lakini yake ilikuwa karabai, miaka thelathini ya kuvulia dagaa akiutazama mwanga ule juu ya maji. Si ndivyo tulivyoambiwa sote, na ndivyo tulivyowaambia wengine msibani? Mtaalamu akatikisa kichwa. Akasema taa haifanyi hivyo. Akasema ugonjwa huu hutembea kwenye damu, na ndugu zangu wa tumbo moja wapimwe upesi, kabla hawajaona dalili, kwa sababu dalili ikionekana kimeshaliwa kingi. Akaandika karatasi mbili. Moja ya dada yako, moja yako. Akanipa mkononi. Nikasema, ndiyo, daktari, leo leo.

Niliziweka kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini za uzi. Zimekaa humo miaka miwili, Telesphory. Nilijua kwamba nikizitoa mtaniuliza nimezipata wapi, na nikisema, Ujiji yote itajua kwamba fundi Bonaventura haoni, na nani atamletea kitambaa fundi asiyeona? Kila wiki nilisema wiki ijayo. Nilikuwa nikifungua droo ile kila siku kuchukua bobini, nikizipapasa kwa vidole, nikiifunga.

Siku iliyofuata mechi nilimpa Skolastika yake. Alisoma tarehe kwanza. Jumanne akaenda kupimwa. Jicho lake la kushoto limeshaanza. Siyo sana, anaona bado, lakini pembeni pameliwa. Mtaalamu alimwambia kwamba miaka miwili nyuma pengine asingekuta kitu. Alipotoka nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikimsubiri. Aliniambia, "Miaka miwili, kaka." Hakupandisha sauti hata kidogo. Tangu hapo, wiki nzima leo, hajasema nami neno. Saa mbili kila usiku anampigia Marcelina, anauliza, "Ameweka dawa?" akijibiwa anakata. Afadhali angekuja kunitukana hapa uani watu wasikie.

Kuhusu wewe alituma neno moja kupitia Nehemia. Alisema, "Kwa Telesphory utasema mwenyewe, na boti ya Yona ya kwenda Kalemie ikiondoka Alhamisi bila barua, nitampigia mimi."

Kwa hiyo karatasi yako ndiyo hiyo iliyokunjwa ndani ya barua. Ina doa la mafuta ya cherehani. Tarehe utaiona.

Na sasa nikuambie kwa nini silali. Mwezi wa kwanza mwaka huu ulinipigia ukicheka. Ukasema umeigonga nguzo ya geti la ghala na lori, mara ya pili, nguzo ileile, upande uleule, na tajiri wako amesema sasa ataipaka rangi nyekundu kwa ajili yako. Ulicheka sana. Nami nilicheka nawe, Tele, karatasi yako ikiwa nusu mkono kutoka goti langu. Simu ilipokatika nilikaa nikiitazama ile droo. Hata hapo sikuifungua. Sina la kujitetea juu ya siku ile. Nimejitafutia sababu kila namna na hakuna inayonitosha.

Usiliguse lori mpaka umepimwa. Nakuomba kama kaka yako, na kama huwezi tena kuniona hivyo, nakuomba kwa jina la Mama. Leo hii, kabla hujaikunja barua, kaa kwenye kiti, ziba jicho moja kwa kiganja na utazame mbele. Mwambie shemeji Yuliana aanzie sikioni kwako asogeze kidole taratibu kuja mbele. Sema unapokiona. Kisha jicho la pili. Usidanganye kwa kugeuza shingo. Mimi niligeuza shingo miaka miwili. Na hata ukikiona kidole mapema, hicho siyo kipimo, nenda hospitali.

Mzee naye siku hizi namfikiria sana. Unakumbuka alipopofuka tulimpa kila mara zamu ya kwanza ya kusifu, ili mtu asimchukulie lake? Tulikuwa tunaona ni heshima ya uzee. Nami sasa najua alikuwa akikaa na redio yake tangu asubuhi, akiogopa. Sisi wanawe tulikuwa tunakonyezana. Laiti ningekuwa nimemshika mkono siku moja tu nikamwambia baba, mimi nimekuletea moja, lisifu hili.

Nisalimie shemeji Yuliana na uwape watoto baraka za baba yao mkubwa. Marcelina anakusalimu, Diana anakusalimu, Nehemia anasema ushindi wa kujifungiwa siyo ushindi na atakusubiri. Skolastika hajasema nikusalimu, lakini najua anataka. Mungu wa Mzee na Mama akulinde barabarani na nyumbani, akuachie nuru yako yote, na kama iko ya kupungua, aipunguze kwangu ambako imebaki kidogo.

Nina ombi moja. Timu zetu zitakutana tena, na sijui siku hiyo kitundu changu kitakuwa kimebaki kiasi gani. Utanipigia simu, nami nitakuwa nimekaa mbele ya beseni, Marcelina ameshika jagi. Usinisimulie mabao, mabao nitayapata kwenye redio. Niambie kilichokuwa pembeni. Mshika kibendera alikuwa amevaa soksi za rangi gani. Nani alikuwa akinyoosha misuli nyuma ya goli. Nikisikia umeviona hivyo, vya kulia na vya kushoto, bila kugeuza shingo, ndipo nitanawa.

Wako akupendaye, aliyepaswa kukuandikia miaka miwili iliyopita,

Kaka yako,
Bonaventura